Mwanga na Mikoriza: Hoja ya Erik Björkman na Wakosoaji Wake, 1942–1962

Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, A. B. Frank, aliyekuwa ameagizwa na serikali ya Prussia kuchunguza uwezekano wa kulima trufu, uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi, aliupa jina la mikoriza muungano alioukuta kati ya mizizi ya miti na kuvu. Kwa zaidi ya nusu karne mjadala juu ya chanzo cha muungano huo ulielemea udongoni. Mmarekani A. B. Hatch, mwaka 1937, aliuhusisha na uhaba wa virutubisho.

Aliyeuelekeza mjadala kwenye majani ni Erik Björkman wa Uswidi. Katika utafiti wake wa mwaka 1942 aliotesha miche ya misonobari na misprusi chini ya vivuli vya viwango mbalimbali. Mwanga uliposhuka chini ya takriban robo ya mwanga kamili wa mchana, mikoriza ilikuwa haba. Kwa maoni yake, mche wenye mwanga wa kutosha lakini naitrojeni au fosforasi kidogo hauwezi kuitumia sukari yake yote katika kukua. Ziada huteremka mizizini, na ndiyo inayoivuta kuvu. Hivyo hoja ya Hatch haikutupwa, bali ilimezwa. Mwaka 1944 Björkman aliyabana mashina ya miche ili sukari isishuke, na mikoriza ikapungua. Jaribio hili lina uzito kuliko lile la vivuli, kwani mwanga wenyewe haukuguswa.

Udhaifu ulikuwa katika kipimo. Mwaka 1962 Handley na Sanders waliihakiki upya hoja hiyo: kuvu ikishaingia mzizini huweza kubadili kiasi cha sukari kinachopimwa humo, hivyo kilichodhaniwa kuwa sababu huenda kilikuwa matokeo. Pigo hilo, hata hivyo, liliiangukia dhana ya ziada, si uhusiano wa mwanga na mikoriza. Tayari mwaka 1957 Melin na Nilsson, kwa kutumia kaboni-14, walikuwa wameonyesha kuwa kaboni iliyonaswa na majani ya msonobari huifikia kuvu.

Björkman naye aligeukia mmea usiohitaji mwanga. Mwaka 1960 alieleza jinsi glukosi yenye kaboni-14, iliyodungwa katika miti, ilivyoonekana baadaye katika Monotropa, mmea usio na umbijani uotao kivulini jirani na miti hiyo.