Safari ya Desemba: Maandalizi ya Krismasi Uchagani

Katika sehemu nyingi za nchi yetu Krismasi ni sikukuu ya siku moja, au mbili tukiihesabu na ile ya tarehe 26 Desemba. Lakini Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Krismasi ni msimu. Huanza kabla ya siku yenyewe, magari yanapoanza kupanda kutoka Dar es Salaam, Tanga, Arusha na kwingineko, na huendelea hadi Mwaka Mpya. Msimu huu una historia yake, nayo si historia ya kanisa peke yake. Ni historia ya reli, ya kahawa, ya ardhi na ya kazi za mikono. Insha hii yakusudia kueleza jinsi mambo hayo yalivyokutana, na kutafakari ni lipi kati yake lililo katika hatari ya kupotea.

Ukristo ulipanda mlimani kutoka pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafika Kilema. Walutheri wa Leipzig nao walifika mlimani mwaka 1893. Hata majina ya sikukuu yatuonyesha njia iliyopitwa: Noeli ni neno tulilolipata kwa Wafaransa, na Krismasi tumelipata kwa Waingereza. Wajerumani walitawala hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini jina lao la sikukuu hiyo halikukaa katika Kiswahili.

Hata hivyo, sikukuu hii ngeni haikuingia katika nyumba tupu. Wachaga walikuwa na desturi zao za kukusanya ukoo, kupika mbege, kuchinja, na kugawa nyama kwa utaratibu ambao kila mtu aliujua, kidari kikiwa heshima ya wazee. Walikuwa pia na isale, mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba. Aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa lilikuwa jambo zito. Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuandika mengi juu ya mila za huko, alishikilia kwamba kanisa lingesimama imara endapo lingejengwa juu ya ukoo, ujirani na rika. Yafaa tuseme kwamba wenyeji walikwisha kulitenda jambo hilo katika maandalizi ya Krismasi: siku ni ya kanisa, bali maandalizi ni ya ukoo.

Safari je, ilitoka wapi? Mwanzoni hapakuwa na haja ya kusafiri, kwa kuwa watu walikuwa nyumbani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na njia ya kutoka ikafunguka. Baadaye kahawa ikaleta fedha. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule, na shule zikatoa makarani, walimu na wauguzi waliohitajiwa mbali na mlima. Wakati huo huo kihamba kilikuwa kikigawanywa kwa wana, na wana wa wana, hata kipande cha mwisho kisiweze kulisha jamaa. Basi safari ya Desemba ni mtoto wa uhaba wa ardhi. Arudiye nyumbani ndiye yule ambaye nyumbani palishindwa kumtosha.

Mwaka 1963 reli ya kaskazini iliunganishwa na Reli ya Kati, na msafiri akaweza kwenda kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Katika miaka ya 1990 safari za abiria kwenye njia hiyo zilikoma, mabasi yakachukua mzigo wote. Treni ya abiria iliporejeshwa mwaka 2019, ilianza Desemba. Kila ajuaye tabia ya mwezi huo Uchagani ataona kwamba mwezi huo uliwafaa sana wasafiri.

Huko mlimani mwenyeji naye hakai bure. Mbege haiharakishwi. Ndizi mbivu hupikwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji, ndipo vitu hivyo viwili vichanganywe. Na gome la msesewe hutiwa kwa ajili ya uchungu wake. Kwa hiyo mama atakaye kuwapokea wageni tarehe 24 hana budi kuhesabu siku kurudi nyuma. Kuta hupakwa chokaa, ua hufagiwa, na makaburi ya wazee yaliyomo kihambani hupaliliwa. Fundi cherehani barazani hana usingizi, maana hakuna mtoto atakaye kwenda kanisani na nguo ya mwaka jana.

Mapambo nayo yana hadithi yake. Desturi ya kupamba mti ndani ya nyumba ilistawi kwanza katika nchi za Wajerumani. Hapa kwetu tawi la msonobari husimikwa katika ndoo ya udongo, na watoto huweka juu yake vipande vya pamba kuwa mfano wa theluji. Wako watoto wanaofanya hivyo huku theluji ya kweli ikionekana mlangoni, juu ya Kibo! Lakini tusiwacheke, barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912, na pengine wajukuu wao watahitaji pamba hiyo kuelezwa theluji ilikuwa nini. Nje ya nyumba mambo ni ya kwetu zaidi: migomba miwili husimamishwa langoni na kufungwa kuwa tao, na mkrismasi, mti wenye asili ya Bukini, huchanua maua mekundu Desemba bila kuombwa.

Nyota na minyororo ya karatasi hukatwa na watoto na kugandishwa kwa uji wa unga. Hori la Mtoto Yesu hujengwa kwa majani makavu ya migomba, na ng'ombe na kondoo hufinyangwa kwa udongo. Huko Dar es Salaam wachongaji wa Kimakonde wamechonga Familia Takatifu kwa mpingo, na kazi yao imefika mbali na nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni na vitambaa viliadimika madukani. Lakini karatasi ya daftari kuukuu ilitosha kufanya nyota, na mgomba haukununuliwa. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka hiyo, polepole mapambo ya plastiki yalifika kutoka ng'ambo, na mikono mingi ikapumzika.

Hapo ndipo penye shaka. Bei ya kahawa iliporomoka baada ya mapatano ya kimataifa kuvunjika mwaka 1989, na wakulima wengi wakaing'oa mibuni yao. Leo zipo nyumba nzuri mlimani zinazofunguliwa Desemba na kufungwa Januari. Wapo vijana wafikao na kila kitu ndani ya gari, hata kinywaji, wasijue mbege hupikwaje wala isale ni mmea upi. Safari imebaki, maandalizi yamehamia dukani. Na maandalizi ndiyo yaliyokuwa shule, kwa sababu mtoto alijifunza kwa bibi yake huku wakimenya ndizi, na ndugu waliogombana walilazimika kusemezana kwa kuwa walishika kazi moja.

Mwalimu aweza kusaidia kwa jambo dogo. Kabla ya kufunga shule, awaagize wanafunzi wake, wa Kilimanjaro au wa kwingineko, watengeneze pambo moja kwa vitu vilivyoota au kupatikana nyumbani kwao, na wamwulize mzee mmoja jinsi sikukuu ilivyoandaliwa alipokuwa mtoto, kisha waandike majibu yake. Januari watarudi na historia ambayo haijaandikwa kitabuni. Na mzee aliyeulizwa, ambaye magari yakishashuka hubaki peke yake na isale yake mpakani, atakuwa amekaa na mjukuu wake kwa muda mrefu kidogo kuliko mwaka uliopita.