Nani Mwenyeji wa Mji? Sheria, Mipaka na Ukuaji wa Dar es Salaam tangu Miaka ya 1860

Insha hii inachunguza namna eneo linavyopata hadhi ya mji, kwa kurejelea historia ya Dar es Salaam. Kwa kawaida mji hufafanuliwa kwa vigezo vitatu: idadi na msongamano wa watu, shughuli za kiuchumi zisizotegemea kilimo, na mamlaka ya kiutawala yenye mipaka ya kisheria. Vigezo hivi vina manufaa katika sensa na mipango, lakini vinaacha kando swali lililomo katika Kiswahili chenyewe. Neno "mwenyeji" limetokana na "mwenye mji". Hivyo, kuufafanua mji ni pia kumtaja anayestahili kuishi ndani yake. Hoja ya insha hii ni kwamba Dar es Salaam ilikua kwa nguvu za watu ambao ufafanuzi rasmi wa mji, kwa muda mrefu, uliwahesabu kuwa wapita njia.

Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga bandari na majumba karibu na kijiji cha Mzizima, akikusudia kuvuta biashara ya misafara ya bara. Alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Sultani Barghash, hakuuendeleza mradi huo. Iwapo mji ungekuwa jumba la mtawala tu, Dar es Salaam ingekoma hapo. Majengo yalichakaa, lakini watu waliendelea kuvua, kulima na kuuza. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikuta makazi yenye wenyewe.

Utawala wa kikoloni ulileta ufafanuzi mpya. Kanuni za ujenzi zilizoanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza ziliugawa mji katika kanda tatu kwa kuzingatia aina ya majengo: nyumba za mtindo wa Kizungu, majengo ya kudumu ya biashara na makazi, na nyumba za miti na udongo. Kigezo hicho kilionekana kuwa cha kiufundi, ila kwa kuwa kipato na rangi viliandamana, matokeo yake yalikuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kulitenga eneo la biashara na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu walioitwa kubeba mizigo ya wengine ndio walioachia jina mtaa ambao baadaye ukawa moyo wa biashara ya jiji.

Mtaa huo ulikua kwa njia ambayo ramani rasmi haikuionesha vizuri. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba pande mbili za ukumbi na ua nyuma, ilimwezesha mwenye nyumba kuishi katika chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Mgeni kutoka bara alipata mahali pa kulala pasipo msaada wa serikali wala wa mwajiri. Sheria, kwa upande wake, ilimwona mgeni huyo kuwa tatizo. Sheria ya mwaka 1944 iliruhusu kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Miaka 3 baadaye, mgomo wa wafanyakazi wa bandari ulioanzia Dar es Salaam ulienea katika miji mingine ya Tanganyika. Mgomo wa 1947 ulidhihirisha kwamba mji usingeweza kufanya kazi bila watu hao hao walioelezwa kuwa wa muda.

Uhuru ulibadili watawala, lakini haukuondoa mara moja wazo la kwamba asiye na ajira rasmi si wa mjini. Katika miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama na kuboresha makazi ya Manzese, yaliyokuwa yamekua bila mpango. Huko kulikuwa kukubali kwamba wakazi wake ni sehemu ya mji. Hata hivyo, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliambatana na misako ya waliodaiwa kuwa wazururaji, nao walirudishwa vijijini. Malengo ya sheria ya 1944 na ya 1983 yalitofautiana, lakini kipimo kilikuwa kile kile: uhalali wa mtu kuwapo mjini ulitegemea kazi inayotambuliwa na dola.

Takwimu zinaonesha upande ulioshinda. Jiji lililokuwa na watu takriban 272,000 katika sensa ya 1967 lilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Mipaka nayo imeendelea kuchorwa upya. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kisheria, Manzese, iliyo katika Manispaa ya Ubungo, haimo katika halmashauri inayoitwa jiji. Katika maisha ya kila siku, hakuna mkazi wake anayejiona amehamia nje ya Dar es Salaam.

Inahitimishwa kwamba vigezo vya idadi, uchumi na mamlaka vinapaswa kubaki, lakini visichukuliwe kuwa vipimo visivyo na historia. Kila kimoja kiliwekwa na mtu, wakati fulani, kwa ajili ya kuwajumuisha baadhi na kuwatenga wengine. Mtafiti anayepokea mpaka wa mji kama ulivyochorwa hurithi pia uamuzi wa aliyeuchora. Kwa Dar es Salaam, uamuzi huo ulikanushwa mara kwa mara na wapangaji, wapagazi na wachuuzi, ambao walijenga mji kabla ya kuitwa wenyeji wake.