Mwaka Kogwa: Kalenda Iliyohifadhiwa na Kisiwa

Kila mwezi wa Julai, kipupwe kikiwa kimeshika na baridi ya asubuhi ikiwa bado ipo, wakazi wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba hadi hasira za mwaka uliopita ziishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na wazee hutazama moshi unaelekea wapi. Wanawake huimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, kisha kila nyumba hupenda kupata mgeni wa kula naye. Jina lenyewe linatokana na kukoga, yaani kuoga: mwaka mpya ulianza kwa watu kujitosa baharini.

Mara nyingi sherehe hii huelezwa kwa sentensi moja tu, kwamba ni mila ya Waajemi. Insha hii inadai kuwa maelezo hayo ni nusu ya historia.

Ni kweli kwamba jina lake la pili, Nairuzi, ni la Kiajemi na maana yake ni siku mpya. Lakini nchini Iran Nauruzi huangukia tarehe 20 au 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana. Kwa nini Makunduchi iwe Julai? Jibu limo katika hesabu. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu saa 6. Kalenda ya kale ya Waajemi ilihesabu siku 365 pekee, hivyo kila baada ya miaka minne sikukuu ilisogea nyuma siku moja, na kwa miaka mia moja siku zipatazo 25. Mwaka 1079 wataalamu wa nyota wa Sultani Malik Shah, akiwemo Omar Khayyam, walirekebisha kalenda hiyo. Pwani ya Afrika Mashariki iliendelea na hesabu ya zamani. Kwa hiyo Waswahili hawakuiga tu. Walitunza kitu ambacho wenyewe wa Iran walikiacha.

Jambo hili si la Zanzibar peke yake. Uingereza ilibadili kalenda yake mwaka 1752, lakini wakazi wa Foula, kisiwa kidogo cha Shetland kaskazini mwa Uskoti, bado husherehekea Krismasi tarehe 6 Januari, katikati ya majira yao ya baridi.

Hata hivyo, watu hawatunzi kalenda kwa karne nyingi kwa sababu ya ukaidi tu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355. Unafaa kwa ibada, lakini mfungo uleule huweza kuangukia masika mwaka mmoja na kiangazi miaka kadhaa baadaye. Mkulima na baharia walihitaji hesabu ya jua. Kuanzia Nairuzi siku zilihesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, ili kujua wakati wa kupanda na wakati wa pepo za kaskazi na kusi. Ahmad ibn Majid, nahodha maarufu wa karne ya 15, naye alitaja misimu ya safari kwa siku za Nairuzi. Kalenda mbili ziliishi pamoja, kila moja na kazi yake.

Kwa hiyo anayeuita Mwaka Kogwa mabaki ya upagani, na anayeuona kama burudani ya watalii, wote wawili wanakosa kiini chake. Migomba na moto ndivyo vinavyoonekana. Kilichobebwa ndani yake ni elimu ya kuhesabu majira.

Kwetu tunaosoma Kiswahili hapa Lemon Gaba, somo liko karibu. Wabari wa Juba walikuwa na viongozi wa mvua, na wazee wetu wangali wanajua dalili za msimu. Tukiandika ngoma zao bila kuuliza walihesabuje siku, tutakuwa tumehifadhi moshi na kuuacha moto uzimike.