The Newsroom na Mtazamaji Anayejua Mwisho

The Newsroom, tamthilia ya Aaron Sorkin iliyorushwa na HBO nchini Marekani kuanzia Juni 2012 hadi Desemba 2014, ni kazi ambayo mtazamaji yuleyule huweza kuipenda, kuichoka, kisha kuiheshimu kwa sababu nyingine kabisa. Mabadiliko hayo yana chanzo katika muundo wa kazi yenyewe. Kituo cha ACN na watumishi wake ni wa kubuni, lakini habari nyingi wanazotangaza zilitokea kweli, na mtazamaji anajua zilivyoishia.

Katika sehemu ya kwanza, mtangazaji Will McAvoy, aliyezoea kutomuudhi yeyote, anapangiwa timu mpya chini ya mtayarishaji MacKenzie McHale. Siku hiyohiyo ya Aprili 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon unalipuka katika Ghuba ya Mexico. Anayetazama kwa mara ya kwanza huvutwa na kasi ya mazungumzo, na zaidi na imani kwamba taarifa ya habari ni huduma kwa mpiga kura. Imani hiyo haistahili kubezwa.

Akirudia kutazama, mashaka huingia. Kijana mmoja wa timu ana dada Halliburton na rafiki wa chuo BP, kampuni zilizohusika na kisima hicho; basi kwa saa chache ACN inajua mambo ambayo vyombo halisi vilihitaji siku na wiki kuyabaini. Vivyo hivyo Januari 2011, mbunge Gabrielle Giffords alipopigwa risasi, redio ya NPR na vyombo vingine vilitangaza kwamba amefariki, ilhali alikuwa hai. ACN inakataa kuwafuata. Uamuzi ni sahihi, na hoja kwamba kuthibitisha kifo ni kazi ya daktari ni ya kitaaluma hasa. Lakini ujasiri huo haukumgharimu mtu chochote, kwani mwandishi alikuwa na jibu mkononi kabla ya kuandika swali.

Msimu wa pili, wa mwaka 2013, ndio unaogeuza hukumu. Habari yake kuu, Operesheni Genoa, ni ya kubuni: madai kwamba wanajeshi wa Marekani walitumia gesi ya sarin nchini Pakistan. Nyuma yake kuna kisa halisi cha 1998, pale CNN na jarida la Time zilipodai kwamba sarin ilitumika Laos mwaka 1970, kisha zikaifuta taarifa hiyo kabla ya mwezi kupita. Kupitia mahojiano ambayo mawakili wanawafanyia wahusika baadaye, mtazamaji anaambiwa mapema kwamba Genoa itaanguka. Kwa mara ya kwanza, kujua mwisho hakuwapambi wahusika. Kunawaonyesha wakipotea kwa hatua ambazo kila moja inaonekana ya busara. Shahidi mmoja aliwahi kuumia ubongo na timu haikuambiwa. Mwingine aliulizwa swali lililobeba jibu ndani yake. Hati aliyopewa mkurugenzi wa habari, Charlie Skinner, ilighushiwa na mtu mwenye kisasi. Mtayarishaji Jerry Dantana naye alikata maneno ya jenerali aliyemhoji, kauli ya sharti ikageuka kukiri. Alinaswa kwa sababu saa ya mchezo wa mpira wa kikapu, iliyoonekana kwenye televisheni chumbani mwa jenerali, iliruka sekunde.

Ingekuwa rahisi kumtwika Jerry lawama yote. Tamthilia inakataa, na hapo ndipo ubora wake ulipo: inaonyesha kwamba wingi wa vyanzo hauna thamani iwapo kila kimoja kinasikilizwa na watu ambao tayari wameshaamini.

Msimu wa tatu unavuna matunda ya kosa hilo. Baada ya mabomu ya Boston ya Aprili 2013, CNN ilitangaza kukamatwa kwa mshukiwa ambaye hakuwa amekamatwa. ACN inangoja, na safari hii subira yake inaeleweka, kwa kuwa watu wake wanajua gharama ya haraka. Hata hivyo, sehemu iliyogusa ubakaji vyuoni, iliyorushwa Desemba 2014, inarudia udhaifu wa awali: mwanamke anayedai haki anageuzwa kuwa msikilizaji wa mhadhara wa mtayarishaji mmoja wa ACN, na mwandishi hampi nafasi ya kutosha ya kuujibu.