Neno Lisilo na Shahidi: Epiousios katika Sala ya Bwana

Maana ya neno hujulikana kwa matumizi yake. Neno litumiwalo na wengi lina mashahidi wengi. Lipatikanalo mahali pamoja tu humwacha mfasiri peke yake. Katika Agano Jipya la Kiyunani limo neno la namna hii, nalo ni epiousios, sifa ya mkate uombwao katika Sala ya Bwana, Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Nje ya sala hiyo, na maandiko yaliyoifuata, halijaonekana kwa hakika.

Origen wa Aleksandria, aliyeandika juu ya sala katika karne ya 3, alikuwa msemaji wa Kiyunani. Walakini alisema kuwa neno hili hakulikuta kwa wanazuoni wala katika mazungumzo ya watu wa kawaida, akadhani lilibuniwa na waandishi wa Injili.

Wako walitoao katika ousia, yaani kuwako au asili ya kitu: basi ni mkate utoshao kuishi, au mkate upitao vitu vyote. Wako walitoao katika epiousa, siku ifuatayo, kama ilivyo katika Matendo 16:11: basi ni mkate wa kesho. Tofauti si ndogo. Aombaye mkate wa leo ni kama kibarua angojaye ujira wa jioni. Aombaye wa kesho ataka kulala bila hofu. Aombaye mkate wa roho haombi cha kutia chunguni. Jerome, aliyeanza kuzisahihisha Injili za Kilatini mnamo 382, aliweka supersubstantialem katika Mathayo na quotidianum, yaani wa kila siku, katika Luka. Neno moja likapata tafsiri mbili kwa mkono mmoja.

Mwaka 1889 shahidi alidhaniwa kupatikana. Katika mafunjo yaliyochimbuliwa na Flinders Petrie huko Hawara, Misri, A. H. Sayce alisoma mwanzo wa neno hili ndani ya hesabu ya matumizi ya chakula. Kisha waraka ukapotea, na kwa miaka mingi kamusi zilitegemea usomaji wake. Ulipoonekana tena katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1998, ulisomwa upya: neno lilikuwa elaiou, yaani mafuta.

Wafasiri wa Kiswahili nao walilazimika kuchagua. Sala ya Wakatoliki ina mkate wa kila siku. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ina riziki. Neno riziki, lenye asili ya Kiarabu, ni fungu alipewalo kiumbe na Mungu ili aishi, liwe samaki, muhogo au ujira. Halikulazimisha mkate, wala halikuamua kati ya leo na kesho. Lakini limeegemea maana ya kitoshacho kuishi, na maana ile ya juu, mkate upitao vitu vyote, karibu limeiacha nje.