Tovuti Kufunguka na Kugoma: Hatua za Kurekebisha Mtandao wa Ofisi Ndogo

Ofisi ndogo za Igoma jijini Mwanza, kama zilivyo nyingine nchini, hutegemea intaneti kupata kumbukumbu namba za malipo ya Serikali na kuwasilisha ritani, ikiwemo ya Kodi ya Ongezeko la Thamani inayotakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tovuti ikigoma siku hiyo, mlipakodi hukabiliwa na adhabu.

Mara nyingi kosa haliko kwenye tovuti. Kompyuta hutambuana kwa namba. Hivyo jina kama tra.go.tz hutafsiriwa kwanza na seva ya majina, mfumo uliobuniwa mwaka 1983. Kwa kawaida ruta hugawa anwani mbili za seva hizo. Moja isipofanya kazi, baadhi ya maombi hukwama na mengine hujibiwa. Ndiyo maana hitilafu huja na kuondoka.

Tovuti inapogoma, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, intaneti ipo na tatizo huenda ni la majina. Yasiporudi, wasiliana na mtoa huduma. Kisha andika nslookup tra.go.tz ikifuatiwa na anwani ya kila seva. Isiyojibu mara kwa mara ibadilishwe kwenye ruta, si kwenye kompyuta mojamoja, kisha kompyuta ziunganishwe upya.

Usiweke anwani ya seva usiyoifahamu, kwani mmiliki wake anaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia ya benki. Taasisi za umma zinapaswa kumshirikisha Ofisa TEHAMA kabla ya mabadiliko yoyote.