Soul, Bugaluu na Mipaka ya Utamaduni wa Taifa



Mwimbaji wa leo anapopanda jukwaani kuzienzi nyimbo za soul na funk zilizovuma katika miji yetu ya mwambao miaka ya 1960 na 1970, tunamshangilia kuwa mlinzi wa urithi. Twasahau kwamba urithi huo uliwahi kuhukumiwa kuwa uchafu wa kigeni. Mhadhara huu unadai kwamba Kiswahili hakikuikubali hukumu hiyo, na ushahidi umo katika msamiati wake.

Tuanze na sera. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kuwa waliosoma walijua rumba na chachacha bali hawakujua gombe sugu wala mganda. Hata hivyo, katika hotuba hiyohiyo alionya dhidi ya kukataa kujifunza kutoka tamaduni nyingine. Watekelezaji wengi walilishika sikitiko, wakaliacha onyo. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo, muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini Dar es Salaam.

Ni nani hasa aliyefungiwa mlango? Soul ilikuwa sauti ya Wamarekani Weusi waliokuwa wakidai utu wao. Mwaka 1968 James Brown alitoa wimbo uliotangaza fahari ya kuwa mweusi. Watu haohao walikuwa wakikijia Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, jina lililotokana na “matunda ya kwanza”, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili, ujamaa ukiwa mmojawapo. Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa albamu aliyoiita Mwandishi, naye na wenzake wakijipa majina ya Kiswahili. Hivyo, wakati ndugu wa ng’ambo wakijifunza kutamka “ujamaa”, mji mkuu wa ujamaa ulikuwa ukiinyamazisha sauti yao. Mombasa, ambako marufuku hiyo haikufika, Slim Ali na Hodi Boys waliimba soul kwa Kiingereza, lakini bendi yao ilibisha hodi kwa Kiswahili.

Sasa tulitazame neno bugaluu. Huko Marekani lilikuwa jina la mtindo wa muziki na dansi wa miaka ya 1960. Kiswahili kililipokea, kisha kikalihamisha maana: bugaluu ikawa suruali iliyobana mapajani na kupanuka miguuni. Neno limetoka ukumbini likaingia kwa fundi cherehani. Kisemantiki, huu ni uhamisho wa kawaida kutoka kitendo hadi vazi la mtendaji. Kihistoria, ni jambo zito: santuri iliweza kuzuiwa kupigwa, lakini neno liliendelea kutumiwa na mama aliyemkanya mwanawe na fundi aliyempima kiuno.

Mipaka ya utamaduni wa taifa nayo ilisogea. Mwaka 1977, miaka minane baada ya marufuku, Tanzania iliwakilishwa katika tamasha la FESTAC, Lagos, na Afro 70 ya Patrick Balisidya, bendi ya magitaa ya umeme ambayo jina lake lilibeba fahari ileile ya Uafrika iliyoimbwa katika soul.

Ndugu wanafunzi, kamusi inayofafanua bugaluu kuwa “aina ya suruali” imesema kweli, ila imeficha safari ya neno. Walioivaa suruali hiyo sasa ni wazee. Waendeeni mapema, mkawaulize walicheza wapi, nani aliwakataza, na waliliitaje walilokatazwa. Majibu yao ni sehemu ya historia ya lugha hii.